Saratani Changa ya Umio: Je, Kuiondoa kwa Kamera Kunatosha?

Shikamoo Daktari,

Ninaandika barua hii kwa ajili ya baba yangu, mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, anayeishi Rombo, mkoani Kilimanjaro. Kwa miaka mingi amesumbuliwa na kiungulia, na kila alipokwenda zahanati aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa za kupunguza asidi na kurudi nyumbani. Mwaka huu niliamua kumpeleka hospitali kubwa ili afanyiwe kipimo cha kamera. Tumbo lenyewe lilikutwa salama, lakini daktari alipokuwa akiitoa kamera aliona sehemu ya umio yenye wekundu usio wa kawaida, akapulizia dawa ya iodini, na ukuta wote ukageuka rangi ya kahawia isipokuwa doa moja la sentimita 2, lililo umbali wa sentimita 29 kutoka kwenye meno. Alinyofoa kinyama kwenye doa hilo na kukipeleka maabara. Tulisubiri majibu kwa wiki 7, kwa sababu sampuli ilipotea njiani kabla ya kupatikana tena, na muda wote huo hakuna aliyetupigia simu hadi nilipofunga safari mwenyewe kwenda kuuliza. Hatimaye karatasi ilisema kwamba ni saratani ya seli bapa iliyo katika hatua ya awali kabisa. Picha za CT hazikuonyesha tezi yoyote iliyovimba.

Daktari anashauri doa hilo liondolewe kwa kamera, bila kupasua kifua, na ametaja njia mbili, moja ya kukata kwa kitanzi na nyingine ya kubandua kwa kisu kidogo. Hapo ndipo familia ilipogawanyika. Mjomba wetu alifariki mwaka 2019 kwa ugonjwa huu huu, ikafika mahali hata uji hauteremki, na baba mdogo anasema kwamba ugonjwa uliommaliza mwanamume mwenye nguvu kama yule hauwezi kutolewa kwa waya unaopitishwa mdomoni. Anataka baba apasuliwe na umio wote utolewe, hata kama itabidi tuuze sehemu ya kihamba, shamba letu la ukoo, ili apelekwe India. Baba mwenyewe anasema anakula ndizi na nyama bila shida, kwa hiyo haoni sababu ya kuguswa. Mama anatutazama tu na kulia.

Mimi ni mtoto wa kwanza na wote wanasubiri neno langu. Naomba unieleze bila kunificha: je, njia hii inaponya kweli, au ni kuahirisha tatizo? Kati ya njia hizo mbili, ipi inamfaa baba? Na baada ya hapo tutarajie nini? Niongeze kwamba alivuta sigara kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuacha, anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, karibu kila jioni, na chai yake ni lazima iwe ya moto sana, vinginevyo huirudisha jikoni.

Binti wa kwanza, Rombo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo uliotwishwa, na pole zaidi kwa zile wiki 7, kwani hakuna familia inayostahili kusubiri majibu ya saratani kwa namna hiyo. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Ndiyo, saratani ya umio iliyo changa kweli inaweza kuponywa kwa kuondolewa kwa kamera peke yake, na mgonjwa akaendelea kuishi na umio wake mwenyewe. Sharti lake ni kwamba saratani iwe haijazama, na kina chake hujulikana kwa hakika pale tu kipande kizima kinapokuwa kimetolewa na kupimwa. Ndiyo maana utaratibu huu ni tiba na ni kipimo kwa wakati mmoja, jambo ambalo nadhani halikufafanuliwa vya kutosha mbele ya baba yako mdogo.

Simlaumu baba yako mdogo hata kidogo. Aliyemwona ndugu yake akishindwa kumeza uji hawezi kuusikia ugonjwa huo ukitajwa kwa upole. Hata hivyo, ugonjwa wa mjomba wako na wa baba yako, ijapokuwa una jina moja, uko katika hatua zilizo mbali mno. Eneo letu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na Afrika Kusini, lina wagonjwa wengi wa saratani ya umio ya seli bapa, na walio wengi hufika hospitali wakati chakula kinakwama, yaani wakati uvimbe umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia na mara nyingi umekwisha kuzifikia tezi au viungo vingine. Kwa wengi wao kinachobaki ni kuwekewa mrija wa waya unaotanuka ndani ya umio ili angalau waweze kumeza. Baba yako amepatikana kabla ya hayo yote, kwa bahati njema na kwa umakini wa daktari aliyekumbuka kupulizia iodini. Mwambie, kwa heshima zote anazostahili, kwamba kumeza kwake ndizi na nyama bila kukwama ndiko kunakotupa nafasi hii, na kwamba nafasi hiyo haitakaa ikimsubiri. Atakapoanza kukwama, njia ya kamera pengine itakuwa imefungwa.

Kuhusu iodini yenyewe, seli zenye afya za utando wa umio huhifadhi sukari aina ya glikojeni, na iodini ya Lugol inapoigusa hugeuka kahawia iliyokolea. Seli za saratani, na zile zinazoelekea kuwa saratani, hazina akiba hiyo, kwa hiyo hubaki njano iliyopauka, na mara nyingi baada ya dakika chache hugeuka rangi ya waridi. Kwa macho matupu doa kama la baba yako hupitwa kwa urahisi. Huko Bomet nchini Kenya, katika Hospitali ya Tenwek, watafiti waliwapima kwa iodini watu ambao hawakuwa na dalili yoyote, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016 karibu mtu 1 kati ya 7 alikutwa na mabadiliko ya seli yanayoweza kutangulia saratani, ingawa mengi yalikuwa madogo.

Sasa tuingie kwenye kina. Ukuta wa umio una unene wa milimita chache tu, lakini umejengwa kwa tabaka. Juu kabisa kuna seli bapa, chini yake kitambaa laini, kisha msuli mwembamba kama uzi unaoufunga utando huo kwa chini. Ukivuka msuli huo unaingia kwenye tabaka legevu lenye mishipa ya damu na ya limfu kwa wingi, halafu ndipo unapokuta misuli minene inayosukuma chakula. Saratani iliyobaki kwenye seli bapa au kwenye kitambaa laini ni nadra sana kuwa imetuma mbegu zake kwenye tezi za limfu. Inapoufikia ule msuli mwembamba, takribani mgonjwa 1 kati ya 10 anaweza kuwa tayari na chembe za saratani kwenye tezi. Ikizama zaidi ndani ya tabaka legevu, uwezekano huo hufikia thuluthi moja ya wagonjwa au hata zaidi. Kamera haiwezi kuzitoa tezi. Kwa hiyo ukubwa wa doa pekee hautoshi kuamua lolote, na tofauti ya sehemu ndogo ya milimita kwenda chini ndiyo inayoamua kama kazi imekwisha au kama kuna tiba nyingine ya kuongezwa.

Kabla ya kukata, daktari hukadiria kina hicho kwa kulitazama doa kwa mwanga maalumu wa buluu na kijani unaoifanya mishipa midogo ya damu ionekane wazi. Namna mishipa hiyo ilivyojikunja, ilivyorefuka au ilivyotoweka humwambia mengi. Wakati mwingine hutumia pia kamera yenye mawimbi ya sauti. Hayo yote bado ni makadirio.

Njia ya kitanzi, ambayo kwenye karatasi ya rufaa utaiona imeandikwa EMR, ndiyo iliyotangulia. Daktari huingiza maji ya chumvi chini ya doa ili liinuke, hulifyonza ndani ya kikofia kilicho kwenye ncha ya kamera au hulifunga kwa mpira mdogo, kisha hulikaza kwa kitanzi cha waya na kulikata kwa umeme. Kikofia hicho kilibuniwa na Haruhiro Inoue na wenzake nchini Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mpaka leo ni kifaa kizuri: kazi ni ya haraka, gharama ni nafuu, na madaktari wengi zaidi wanaweza kuimudu. Upungufu wake ni kwamba kitanzi kina mwisho wa kile kinachoweza kukibeba kwa mara moja. Doa likiwa kubwa hukatwa vipande vipande, na vipande hivyo ni vigumu kuviunganisha tena ili kujua ukingo wa saratani uliishia wapi. Mabaki huweza kuachwa katikati ya vipande, na saratani kurudi pale pale.

Njia ya kisu, iitwayo ESD, ilikua Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya saratani ya tumbo, kisha ikahamishiwa kwenye umio, na mwaka 2008 bima ya afya ya nchi hiyo ikaanza kuigharimia kwa umio. Mgonjwa hulazwa usingizi. Daktari hupulizia iodini upya, huweka alama za nukta kulizunguka doa kwa ncha ya umeme, huingiza kimiminika kizito chenye rangi ya buluu kwenye lile tabaka legevu, hukata mduara nje ya nukta, kisha hupenya chini ya utando na kuubandua polepole kutoka kwenye msuli, huku akiziba kila mshipa wa damu anaokutana nao. Ndani ya umio hutumika gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya hewa ya kawaida, kwa sababu mwili huinyonya upesi hata ikipenya kifuani. Kazi inaweza kuchukua saa moja, mbili au zaidi. Mwishowe doa hutoka likiwa kipande kimoja, pamoja na ukingo wenye afya pande zote.

Kwa saratani ya seli bapa, miongozo ya Ulaya inakubali kitanzi pale doa lisipozidi milimita 10 na kuna hakika ya kulitoa zima. Doa la baba yako ni mara mbili ya hapo. Kwa hiyo, kwa maelezo uliyonipa, njia inayomfaa ni ya kisu, mradi mkono utakaokishika uwe umezoea. Hilo la mkono nalitilia mkazo kwa makusudi, kwani ukuta wa umio ni mwembamba, unatikisika kwa mapigo ya moyo na kwa pumzi, na hauna ngozi ya nje ya kuukinga kama tumbo na utumbo vilivyo nayo. Muulize daktari, bila kuona haya, amekwisha kufanya kazi hii mara ngapi kwenye umio, ni wangapi kati yao walitobolewa ukuta, na kama kuna daktari wa upasuaji wa kifua aliye tayari siku hiyo. Daktari mzuri hatakasirika, maana naye ndiye wa kwanza kujiuliza hayo.

Hatari zenyewe ni tatu. Ukuta unaweza kutoboka, jambo ambalo mikononi mwa wazoefu hutokea kwa wagonjwa wachache katika kila 100, na mara nyingi tundu hufungwa pale pale kwa vibanio vidogo. Damu inaweza kutoka. Na kovu linaweza kuubana umio wiki chache baadaye, hasa pale utando ulioondolewa unapofikia robo tatu ya mzunguko au zaidi. Doa la sentimita 2 kwa kawaida halifiki huko, lakini likikutwa limetambaa kuliko lilivyoonekana, daktari anaweza kumchoma dawa ya steroidi kwenye kidonda au kumpa vidonge vya predinisoloni kwa wiki kadhaa huku dozi ikipunguzwa, na pakibana kweli panatanuliwa kwa puto.

Baada ya kipande kutoka, kuna hatua ambayo naiogopa kuliko kisu chenyewe, kwa sababu ni rahisi kuifanya vibaya na hakuna anayeiona. Kipande hakitakiwi kutumbukizwa ovyo kwenye chupa kikajikunja. Kinapaswa kutandazwa kwenye kibao laini, kibanwe kwa pini kuzunguka kingo zote, kiandikwe upande upi ni wa juu, ndipo kilowekwe kwenye formalini. Huko maabara hukatwa katika vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, na mtaalamu wa patholojia huandika kina, ukingo, na kama seli za saratani zimeingia ndani ya mishipa ya damu au ya limfu. Kwa kuwa ninyi mmekwisha kupotezewa sampuli mara moja, nenda mwenyewe ukaulize nani anaibeba, inapelekwa wapi na majibu yanatarajiwa tarehe gani, kisha uandike majina kwenye daftari.

Karatasi hiyo ikisema kwamba saratani imeishia kwenye seli bapa au kitambaa laini, kingo zote ni safi na mishipa haikuingiliwa, baba yako atahesabiwa kuwa ametibiwa kikamilifu. Ikisema imegusa ule msuli mwembamba, au imevuka kwa kina kisichozidi sehemu 2 za 10 za milimita, na mishipa iko salama, basi panahitajika kikao cha madaktari wa fani mbalimbali, kwani baadhi ya wagonjwa huachwa chini ya uangalizi na wengine huongezewa tiba. Ikiwa imezama zaidi ya hapo, au imeingia kwenye mishipa, kamera pekee haitoshi. Hapo huongezwa upasuaji, au mionzi pamoja na dawa za saratani. Utafiti mmoja wa Japani uliotoka mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo waliotolewa doa kwa kamera kisha wakapewa mionzi na dawa, na baada ya miaka 3 zaidi ya asilimia 90 walikuwa hai.

Unaona basi kwamba upasuaji anaoutaka baba yako mdogo haujafutwa. Umewekwa akiba hadi pawepo sababu. Kuutoa umio ni miongoni mwa upasuaji mzito kuliko yote ya tumbo na kifua: tumbo huvutwa juu hadi kifuani au shingoni na kuunganishwa na kipande cha umio kilichobaki, mgonjwa hukaa chumba cha uangalizi maalumu, na maisha yake ya kula hubadilika moja kwa moja. Kumpitisha huko mwalimu wa miaka 64 kwa doa ambalo huenda halijavuka utando, kabla ya kujua kina chake, mimi nisingemshauri baba yangu. Na kihamba msikiuze bado. Omba rufaa kwanza, uulize bima inagharimia nini, na ulinganishe majibu ya yale maswali niliyokupa, iwe ni hapa nchini au nje.

Wakati mnasubiri, msikubali baba anyofolewe vinyama tena na tena kwenye doa lile lile na kila hospitali mnayofika. Kila kidonda huacha kovu, na kovu huushikanisha utando na msuli, jambo linalofanya kubandua kuwe kugumu na kwa hatari zaidi. Badala yake ombeni vioo vya maabara pamoja na kile kibonge cha nta kilichohifadhi kinyama cha kwanza, ili mtaalamu mwingine avisome upya. Mwambieni daktari pia kama baba anatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na kama ana tatizo la tezi ya shingo (thairoidi) au mzio wa iodini.

Akisharudi nyumbani ataanza na maji, kisha uji na mtori uliopoa, na atameza dawa za kupunguza asidi kwa wiki kadhaa. Mrudisheni hospitali bila kusubiri kuche akipata homa, maumivu makali ya kifua, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au shingo kuvimba na ngozi yake kusikika kama ina mapovu ikibonyezwa. Kukwama kwa chakula baada ya wiki 2 hadi 4 ni dalili ya kovu. Si lazima iwe saratani imerudi, lakini akaonwe.

Ufuatiliaji hauna mwisho wa karibu. Mwaka wa kwanza atapigwa kamera kila baada ya miezi 3 hadi 6, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na kila mara kwa iodini au ule mwanga maalumu, kwa sababu umio uliozaa doa moja unaweza kuzaa jingine mahali pengine, na hata koo la juu linapaswa kuchunguzwa. Hapo mbege inaingia. Huko Japani, wagonjwa waliotibiwa kwa kamera wakaacha pombe walipata saratani ya pili kwa kiwango cha karibu nusu ya wale walioendelea kunywa. Najua kata ya mbege kwa mzee wa Kichagga ni zaidi ya kinywaji, lakini namwomba aache kuinywa licha ya hayo. Chai haina haja ya kuiacha, ila aisubiri. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ilhali utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka huko huko Kilimanjaro ulikuta watu wakianza kunywa chai yao ikiwa na wastani wa nyuzi zaidi ya 70.

Jambo la mwisho linamhusu baba yako mdogo mwenyewe. Mwombe awepo siku ya kusomewa majibu ya kipande, asikie kina na kingo kwa masikio yake, kwa sababu ikilazimu upasuaji atakuwa mtu wa kwanza kuwasaidia. Na kama naye amekulia kwenye mbege hiyo hiyo, sigara na chai ya moto kama ya kaka yake, mkatieni na yeye miadi ya kipimo cha kamera, na mhakikishe daktari ana iodini mezani kabla hajaanza.